Mbegu ya kakati haina usugu wa mama yake

Katika ukame ulioikaba Kaskazini Mashariki mwa Brazili kuanzia 2012 hadi 2017, wafugaji wa nyika ya Caatinga walirudia kazi waliyoirithi: kukata matawi ya mandacaru, kuyababua miiba kwa moto na kuwapa ng'ombe na mbuzi. Mandacaru, ambayo jina lake la kisayansi ni Cereus jamacaru, ni dungusi kakati inayorefuka hadi kuwa mti, na hubaki kijani wakati vichaka vinavyoizunguka vimepukutika majani yote. Ukiitazama imesimama hivyo juani, ni rahisi kuamini kwamba mmea huu ni sugu tangu mbegu hadi uzee. Imani hiyo si sahihi, na ina gharama. Mbegu ya kakati ni dhaifu, ina masharti mengi, na sharti lake kubwa halisemeki kwa namba moja: kiasi cha chumvi inachoweza kukistahimili hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Anayeuliza mbegu ya mandacaru inahimili chumvi kiasi gani, bila kuuliza katika joto gani, hajauliza swali linaloweza kujibiwa. Nashikilia kwamba joto na chumvi vinapaswa kupimwa kwa pamoja, na kwamba maabara, vitalu na miradi ya kurudisha uoto inayovipima kimoja kimoja inajipotosha.

Usugu wa kakati iliyokomaa unatoka katika mwili wake. Shina limejaa maji, ngozi yake ina nta, majani yamegeuka miiba, na vitundu vya hewa hufunguka usiku, wakati kumepoa, ili hewa ya ukaa iingie bila maji mengi kupotea. Mizizi iliyotanda karibu na uso wa udongo hunywa hata mvua ndogo kabla haijakauka. Mbegu haina hata kimoja kati ya hivi. Mbegu za kakati nyingi zilizo na umbo la nguzo zina upana wa milimita moja au mbili tu, akiba yake ya chakula ni ndogo, na nyingi kati yake hazioti gizani. Hilo la mwanga ndilo ningependa msomaji alishike, kwa kuwa mengine yote yanafuata hapo. Mbegu inayodai mwanga haiwezi kuota ikifukiwa chini. Lazima ilale juu kabisa, katika milimita chache za kwanza za udongo, na katika nchi kame hapana mahali pabaya kuliko hapo. Uso wa udongo usio na kivuli unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi mchana wa kiangazi. Hapo hapo, maji yaliyo chini hupanda kama mafuta yanavyopanda katika utambi, yakifika juu yanageuka mvuke, na chumvi iliyosafiri nayo inabaki. Mwanga ambao mbegu inauhitaji, joto linaloiunguza na chumvi inayoinyima maji vinakutana katika tabaka moja jembamba.

Chumvi inaidhuru vipi mbegu? Wengi hujibu kwamba inaitia sumu. Jibu hilo ni nusu tu, na mara nyingi ni nusu iliyo ndogo. Ili iote, mbegu lazima kwanza inywe maji hadi kiinitete kivimbe na kupasua ganda. Maji huingia kwa sababu ndani ya mbegu kavu kuna mvuto mkubwa kuliko nje. Ukiweka chumvi nje, nayo inaanza kuyavuta maji, na kila gramu inayoongezwa inapunguza tofauti iliyokuwa ikiyaingiza. Gramu 5.8 za chumvi ya mezani katika lita moja ya maji huyashikilia maji hayo kwa nguvu inayokaribia nusu megapaskali. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi kwa lita, huyashikilia kwa takriban megapaskali 2.5. Kwa kulinganisha, wataalamu wa kilimo huhesabu kwamba mazao ya kawaida hunyauka moja kwa moja udongo unapoyashikilia maji kwa megapaskali 1.5. Kwa hiyo mbegu inaweza kuwa imelowa, imezungukwa na maji pande zote, na bado ikawa na kiu. Sumu nayo ipo: sodiamu na kloridi zikiingia kwa wingi katika chembehai huvuruga kazi zake. Lakini kwa kawaida kiu hutangulia, na sumu hufuata pale mbegu inapokaa katika chumvi kwa muda mrefu au chumvi inapozidi mno.

Sasa lete joto. Mtu aliyesoma fizikia atasema kwamba joto huongeza nguvu ya chumvi ya kuvuta maji, na atakuwa amesema kweli, ila kiasi chenyewe hakina uzito. Nguvu hiyo hupanda sambamba na halijoto inayohesabiwa kuanzia sifuri halisi, hivyo kutoka nyuzi 25 hadi 35 ongezeko ni kama asilimia 3 tu. Asilimia 3 haielezi kwa nini mbegu zilizokuwa zinaota katika maji ya chumvi kidogo zinagoma kabisa maji hayo hayo yakipashwa moto. Maelezo yako kwingine, na ni mawili. La kwanza liko udongoni. Maji yenye gramu 2 za chumvi kwa lita, nusu yake ikiruka kwa mvuke, yanabaki na gramu 4; robo tatu ikiruka, yanabaki na gramu 8. Juani, kwenye tabaka la milimita chache, kazi hiyo huchukua muda mfupi, kwa hiyo mbegu iliyomwagiwa maji ya chumvi asubuhi inaweza kukabiliana na maji tofauti kabisa kabla jua halijatua. La pili liko ndani ya mbegu, na ndilo linalosahaulika zaidi. Mbegu za kakati kwa jumla huota vizuri kati ya nyuzi 20 na 30, na mara nyingi nyuzi 25 ndizo zinazofaa zaidi. Chini ya kiwango hicho, joto likiongezeka mbegu huharakisha. Likipita, kizingiti cha maji kinaanza kupanda: mbegu iliyokuwa tayari kuota katika maji yaliyoshikiliwa kidogo na chumvi sasa inadai maji yaliyo karibu kabisa na maji matamu. Wataalamu wa mbegu wameliweka jambo hili katika hesabu inayounganisha joto, unyevu na muda. Ilijengwa kwa mbegu za mazao, kisha ikatumika kwa mimea ya mwituni. Maana yake kwa mtu wa kitalu ni nyepesi. Maji yale yale kutoka kisima kile kile yanaweza kufaa mwezi wenye ubaridi na kuua kazi yote mwezi wa joto.

Hapa ndipo ninapoona kasoro katika namna majaribio mengi yanavyosomwa. Mbegu huwekwa kwenye visahani katika nyuzi 25 zisizobadilika usiku na mchana, chumvi inaongezwa kwa ngazi, kisha linaandikwa kwamba spishi fulani inahimili hadi kiwango fulani. Kiwango hicho ni cha kweli kwa kisahani kile. Nyikani hakuna nyuzi 25 za saa 24. Kuna alfajiri yenye ubaridi na alasiri inayounguza. Na kuna kasoro ya pili iliyo nzito kuliko hiyo: sifuri mbili zinaandikwa kama sifuri moja. Mbegu ambayo haikuota ndani ya chumvi inaweza kuwa imekufa, na inaweza kuwa imegoma tu. Njia ya kuzitofautisha haina gharama: ziondoe katika chumvi, zisafishe, ziweke katika maji yaliyochujwa na kutoneshwa, kisha subiri. Zikiota, chumvi ilikuwa imezuia maji tu. Zikioza, chumvi imeua. Kipimo cha pili cha kuthibitisha ni kuweka kundi jingine katika mmumunyo wa polithilini glikoli, ambayo huyashikilia maji kwa nguvu sawa na ya chumvi lakini chembe zake ni kubwa mno kuingia ndani ya mbegu. Makundi mawili yakifeli sawasawa, tatizo ni kiu. La chumvi likifeli zaidi, sumu imeingia kazini. Namba ya uotaji isiyoambatana na vipimo hivi haimsaidii mtu anayekwenda kupanda, kwa sababu mbegu iliyogoma itafufuliwa na mvua kubwa, na iliyokufa haitafufuliwa na chochote.

Ipo dhana kwamba kakati ni mmea wa jangwa, jangwa lina chumvi, basi kakati inaipenda chumvi. Hapa mimea ya ukame imechanganywa na mimea ya chumvi. Mimea ya chumvi ipo na ina ufundi wake. Msomaji wa pwani yetu anaijua: mchu hutoa chumvi nje kupitia majani yake, na mkoko huotesha kiinitete chake kikiwa bado kimeshikamana na mti mama, ili kinapodondoka matopeni kiwe tayari ni mche. Ona kwamba hata mkoko, bingwa wa maji ya bahari, haukabidhi chumvi mbegu tupu. Na hata katika mimea ya chumvi ya nchi kavu, mbegu nyingi huota vizuri zaidi katika maji matamu, kisha mmea unakuja kuikabili chumvi ukiwa umekua. Kakati nyingi hazimo katika kundi hilo. Mpungate unaolimwa kwa matunda na malisho, Opuntia ficus-indica, ambao katika Brazili hiyo hiyo hupandwa sana kwa ajili ya mifugo, mizizi yake hudumaa mapema chumvi inapoongezeka. Zipo kakati za mchangani kando ya bahari zinazopigwa na upepo wenye chumvi, lakini mchanga huoshwa haraka na mvua, na kuvumilia matone ya chumvi juu ya shina si sawa na kuota ndani ya maji ya chumvi.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kenya, na halifai kupuuzwa. Laikipia imevamiwa na mipungate ya kigeni, hasa Opuntia stricta na Opuntia engelmannii, kiasi cha kuwanyima wafugaji malisho na kujeruhi midomo ya mifugo kwa miiba. Opuntia stricta imo katika orodha ya spishi vamizi 100 zilizo mbaya zaidi duniani. Mtu ana haki ya kuuliza: ikiwa mbegu ya kakati ni dhaifu hivyo, mimea hii imeenea vipi katika nchi kame? Imeenea kwa njia mbili ambazo mandacaru haina kwa kiwango hicho. Kipande cha mpungate kikidondoka chini kinatoa mizizi na kuwa mmea mpya, huku kikiwa na maji yake ndani. Hakijapita kabisa katika mlango mwembamba wa mbegu. Na mbegu ya mpungate si kama ya kakati nguzo: ni kubwa zaidi, imefungwa katika ganda gumu kama mfupa, na husambazwa na tembo na nyani wanaokula matunda yake. Mtu akijifunza tabia za kakati zote kwa kuutazama mpungate wa Laikipia, atakosea kuhusu sehemu kubwa ya ukoo huo. Ukoo wenyewe asili yake ni Amerika; ni spishi moja tu, Rhipsalis baccifera isiyo na miiba, inayoota kiasili Afrika pia, nayo hukaa juu ya miti ya misitu yenye unyevu, mbali na jangwa.

Wengine watasema kwamba kugoma kwa mbegu ni hekima, na kwamba tusiwe na hofu kwa kuwa itasubiri mvua njema. Nakubali sehemu ya kwanza. Kugoma wakati wa joto na chumvi ni breki: kunazuia mche usichomoze siku ambayo ungekufa. Mvua kubwa hufanya mambo mawili kwa pamoja, inapoza uso wa udongo na inasukuma chumvi chini, na mbegu inayosubiri dalili hizo mbili haibahatishi. Sehemu ya pili siikubali. Mbegu ndogo za kakati zilizolala juu ya udongo hazina muda mrefu wa kusubiri. Mfano unaofahamika vizuri ni saguaro ya jangwa la Sonora, Carnegiea gigantea, katika Arizona na kaskazini ya Meksiko. Matunda yake huiva Juni, mvua za kiangazi huanza Julai, na tunda moja lina mbegu zinazofika 2,000. Katika wiki hizo chache sisimizi, ndege na panya huzila karibu zote. Miche inayofanikiwa ni ya miaka michache yenye mvua nzuri, na mingi hukutwa chini ya kivuli cha mti mlezi. Kuchelewa kuota kwa msimu mmoja hakumaanishi kwamba mbegu imehifadhiwa. Mara nyingi kunamaanisha kwamba imeliwa. Chumvi ya mwanadamu na joto linaloongezeka vikifupisha dirisha hilo kwa siku chache tu, zipo mbegu zinazokosa zamu yake moja kwa moja.

Na dirisha linafupishwa kweli. Caatinga ina zaidi ya kilomita za mraba 800,000, na maji mengi ya visima vyake, yaliyo katika nyufa za miamba mikongwe, ni ya chumvichumvi. Sehemu nne zinatajwa tangu zamani kama vitovu vya kugeuka jangwa: Gilbués, Irauçuba, Seridó na Cabrobó. Cabrobó iko kando ya mto São Francisco, ambako kumwagilia bila kutoa maji njia ya kutiririka kumeacha ardhi nyeupe ya chumvi. Huko ndiko ardhi inakohitaji kurudishiwa mimea yake. Ramani ya kakati zenyewe haiko salama pia: tathmini ya dunia iliyochapishwa 2015 ilikagua spishi 1,478 na kukuta asilimia 31 ziko hatarini kutoweka. Jopo la kimataifa la tabianchi nalo linaihesabu Kaskazini Mashariki mwa Brazili miongoni mwa sehemu zinazotarajiwa kuwa kavu zaidi.

Wapo wanaojitetea kwa karatasi ya maabara: udongo wetu umepimwa, uko chini ya desisimensi 4 kwa mita, kwa hiyo si wa chumvi. Mpaka huo uliwekwa na maabara ya udongo wa chumvi ya Riverside, California, katika mwongozo wake wa 1954, na ni mpaka mzuri kwa kazi iliyokusudiwa, yaani mizizi ya mazao. Sampuli huchimbwa kutoka juu hadi kina cha sentimita 20 na kuchanganywa. Ukichanganya milimita chache zenye ukoko wa chumvi na sentimita 20 za udongo safi, ukoko unatoweka katika wastani. Lakini mbegu haioti katika wastani wa sentimita 20. Inaota katika ule ukoko. Ningewataka wanaopima waikwangue sentimita ya kwanza peke yake, mwishoni mwa kiangazi na tena baada ya mvua ya pili au ya tatu, na wapime joto la uso saa nane mchana siku hizo hizo. Vipimo hivyo vinne vina faida kuliko ripoti nene ya udongo mzima.

Katika kitalu, dawa ni za kawaida na hazihitaji fedha nyingi. Mbegu ziatikwe kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa, na maji ya kisima yaachiwe miche iliyokwisha kushika. Katika vijiji vya Brazili vyenye mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya kunywa, maji mazito yanayobaki yametumiwa kufugia samaki na kumwagilia kichaka cha Atriplex, ambacho ni mmea wa chumvi kweli. Yasikaribie kabisa trei za mbegu za kakati. Mbegu zisifukiwe: zinyunyizwe juu ya mchanga na kufunikwa kwa kitu kinachopitisha mwanga na kuzuia mvuke. Trei ziwe kivulini, na miezi ya joto kali iachwe hata kama mfadhili ana haraka. Mbegu zikusanywe kutoka mimea mama mingi na maeneo tofauti, kwa kuwa mimea ya spishi moja iliyotoka bara na iliyotoka pwani haijibu sawasawa.

Njia moja inastahili kusisitizwa kwa sababu inaiga mvua yenyewe. Mwaka 1996 mtaalamu wa mimea Joseph Dubrovsky alionyesha kwamba mbegu za kakati za Sonora zikiloweshwa, zikakaushwa, kisha zikaloweshwa tena, hazirudi mwanzo: zinakumbuka unyevu wa kwanza, na miche yake hustahimili ukavu vizuri zaidi. Watafiti wa Brazili wameendeleza jambo hilo kwa kakati za Caatinga na kuona kwamba vipindi hivyo vya kulowa na kukauka vinabadilisha uwezo wa mbegu kuota katika ugumu. Hili linanifanya nipinge vikali desturi ya kununua mbegu kavu na kuzimwaga nyikani siku ya kwanza ya mawingu. Mbegu ilowekwe kwa saa kadhaa katika maji matamu, ikaushwe kivulini, irudiwe tena, halafu ipelekwe shambani baada ya mvua kubwa mbili au tatu kwisha kuosha uso, chini ya kichaka kinachotoa kivuli mchana. Mahali ambapo ukoko wa chumvi hauoshwi na mvua yoyote, kama kandokando ya mifereji ya umwagiliaji, kumwaga mbegu ni kuzitupa. Hapo upelekwe mche uliokwisha kutimiza mwaka, na mfereji urekebishwe kwanza.

Kwa wenzangu wa maabara nina ombi. Msichapishe tena kiwango cha chumvi bila joto lake kando yake, bila mzunguko wa usiku na mchana, na bila kusema mbegu zilizogoma zilifanya nini baada ya kuoshwa. Na kwa anayesimamia kitalu: kipima-chumvi cha mfukoni hutoa jibu kwa sekunde chache. Kichovye katika ndoo kabla hujamwagilia mbegu, na tena jioni, baada ya jua kuyafanyia maji hayo kazi yake.